Pikapu ya Chumvi

Anyesi hajui kukaa, na wala hajawahi kudai kwamba anajua. Ukimkaribisha kiti atakigusa tu, na kabla hujamletea chai yuko mlangoni anakuuliza maji mnachota wapi. Mwanawe Peter alipomhamishia Moshono baada ya mazishi ya baba yake, alimjengea chumba chenye kibaraza kinachotazama Mlima Meru, akamnunulia na kiti cha kuegemea. Mama akakikalia miezi mitatu. Ilikuwa miezi mibaya kuliko yote maishani mwake, na alimwambia hivyo hivyo mchungaji aliyekuja kumfariji.

Kilichomwokoa ni pikapu. Ilikuwa gari la marehemu, ingawa kadi ina jina la Peter kwa kuwa yeye ndiye aliyeinunua. Anyesi alijifunza udereva akiwa na miaka hamsini na tatu, na sasa ana sitini na moja. Kila Alhamisi hupakia magunia ya chumvi ya ng'ombe na magadi, akavuka mji mzima, akaenda sokoni Ngaramtoni kuwauzia wafugaji aliowafahamu tangu walipokuwa wanachunga ndama. Siku sita zinazobaki huwa anaingoja Alhamisi.

Sasa, ekzosi. Ndani ya miaka miwili bomba la moshi la pikapu hiyo lilikuwa limeoza mara tatu. Likishaoza, gari linanguruma mpaka watoto wa jirani wanaamka wakilia. Majirani wakamlalamikia Peter, Peter akamlalamikia mama yake, na mara ya tatu akakata shauri.

"Yeyo, mama yangu, mimi sitaki ugomvi na watu. Ekzosi ikikatika tena, gari nauza. Utapumzika."

Hilo "utapumzika" lilimchoma Anyesi kuliko "nauza". Kupumzika alishakuonja.

Basi akaanza kulilinda lile bomba. Alisikia watu wakisema oili chafu inazuia kutu, akaomba kopo zima, akajilaza uvunguni na kulipaka bomba lote kwa kitambaa. Jumapili yake alipoegesha nje ya kanisa, oili ikapata moto. Moshi ulifuka uwanja mzima, na kwaya iliyokuwa inajipanga mlangoni iliingia ikikohoa sauti zote nne. Kutu nayo ikaendelea na kazi yake kama kawaida.

Mwishoni mwa Aprili, mvua za masika zikiwa bado hazijakata, Anyesi akasikia mlio chini ya miguu yake akiwa anapandisha kwenda nyumbani. Tsss, tsss. Mtu mwingine asingeusikia. Yeye aliusikia mpaka tumboni. Jumatatu asubuhi alingoja Peter atoke kwenda kazini, kisha akaondoka polepole mpaka Levolosi, kwa fundi Abdiel.

"Shikamoo, Mama Peter."

"Marahaba. Ingia chini uangalie, na benchi usinipe."

Abdiel akapiga jeki, akaingia uvunguni na bisibisi. Alipoligonga bomba, bisibisi ilizama. Akatoka na kutu imemjaa kifuani kama makombo ya mkate.

"Mama, hili nililichomelea mimi mwenyewe mwezi wa tisa. Magari yanayooza hivi ni ya Tanga, kwa sababu ya bahari. Wewe bahari umeitoa wapi?"

"Hata kuiona sijawahi."

"Huwa unaegesha wapi?"

"Nyumbani, juu ya zege. Na sokoni. Hata mbuzi wa sokoni wanalipenda gari hili," alisema Anyesi, akijisikia kidogo. "Nikizima tu wanaingia chini wanaliramba. Wateja wananitania, eti mbuzi wamenizoea."

Abdiel akaacha kufuta mikono. "Wanaramba nini?"

Hakungoja jibu. Alirudi uvunguni, akapitisha kidole kwenye fremu juu ya bomba, akakitia mdomoni. Akatema. Alipotoka alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Mama Peter, bahari unaibeba mwenyewe! Kila Alhamisi!"

Akamwonyesha. Sakafu ya bodi, pale anapopakia magunia, ilikuwa na matundu. Mvua ikinyesha magunia yanalowa, maji ya chumvi yanadondokea bomba la moto, maji yanakauka, chumvi inabaki pale inakula chuma wiki nzima. Anyesi hakucheka. Aliona aibu, halafu hasira. Miaka miwili mbuzi wanamweleza, yeye anajisifu!

"Nakata sehemu yote iliyooza, naweka bomba jipya," alisema Abdiel. "Uvungu wote nauosha kwa maji mengi, nausugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, ndipo nipake rangi inayovumilia moto, mara mbili. Matundu ya bodi naziba. Lakini utaniachia mpaka Jumatano jioni. Rangi ikipata moto kabla haijakauka inabanduka yote, tunakuwa tumefanya kazi bure."

"Siku tatu!"

"Siku tatu, Mama. Na kuanzia sasa chumvi ikae kwenye mapipa yenye vifuniko. Ukitoka sokoni, uvungu uoshwe kwa maji safi kabla hujarudi nyumbani."

Jioni ile Peter aliuliza gari liko wapi. Anyesi akasema limekwenda kubeba viti vya harusi ya kanisani. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mwanawe tangu siku alipomwambia kwamba sindano haiumi.

Jumanne alifika gereji kabla ya Abdiel. Akafagia uwanja. Akapanga spana kwa ukubwa, hata mwenye spana akawa hazioni tena. Rangi ilipopakwa, kila baada ya dakika chache anauliza, "Imekauka?" na kila mara anajibiwa, "Bado." Mchana uvumilivu ukamwishia, akainama akaigusa. Alama ya kidole gumba ikabaki pale, nzuri tu, kama ameweka sahihi. Abdiel akaitazama, akamtazama na mwenyewe, kisha akachukua msasa akaanza upya kipande kile.

"Nenda nyumbani, Mama. Ukipumzika kidogo hutaona muda."

"Usiniambie kupumzika!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka, akaona haya. Akakaa kwenye benchi, kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, nikikosa Alhamisi moja, Peter ataona inawezekana. Na mimi nitaona inawezekana. Hicho ndicho ninachokiogopa."

Abdiel akasogeza feni kuukuu karibu na bomba, akaiwasha.

Jumatano jioni fundi aliwasha injini, akaiacha ichemke, akaizima ipoe, akaiwasha tena ili rangi ishike vizuri. Anyesi alisimama nyuma ya gari ametega sikio.

"Mbona huwashi?"

"Nimeshawasha, Mama."

Alhamisi alikwenda na mapipa mawili ya plastiki yenye vifuniko. Mbuzi walikuja, wakanusa, wakaondoka zao. Aliuza mpaka saa kumi, kisha akanunua madumu sita ya maji na kuuosha uvungu wote, sketi ikalowa mpaka magotini. Kazi hiyo ilimchelewesha, na mjini akakuta foleni. Alipoanza kupanda Moshono giza lilikuwa linaanza kuingia.

Karibu na geti taa za gari zikammulika mtu. Alisimama katikati ya barabara amevaa kandambili, shati la kazini limechomoka, simu mkononi. Gari lilikuwa limeshamkaribia kabisa kabla hajaruka pembeni. Alikuwa Peter.

Anyesi akafunga breki. Amejua, aliwaza. Akatoa kichwa dirishani na kuanza kujitetea papo hapo.

"Ekzosi haijakatika. Niliipeleka kwa fundi, imetengenezwa, hata ukisikiliza..."

Peter hakuwa anasikiliza hayo. Aliweka kiganja juu ya boneti, kama haamini kwamba injini inafanya kazi.

"Simu yako haipokelewi," alisema.

Simu ilikuwa kwenye kikapu, chini ya vifuko vya magadi.

"Yeyo, kila Alhamisi nasimama hapa getini. Nikikusikia kule kwenye kona ya chini, ndipo naingia ndani kula. Leo sijasikia kitu. Nimesimama tangu saa kumi na moja. Nilikuwa naanza kushuka kukutafuta."

"Si wewe uliyesema kelele zinakuletea ugomvi na watu?"

"Nilisema."

Anyesi alimtazama. Peter hakuweza kutulia hata hapo aliposimama. Aliegemea huku, akahamia kule, akipangusa jasho kwa mkono wa shati. Huruma ikamjaa Anyesi. Muda wote huo alidhani ni yeye peke yake anayehangaishwa na Alhamisi.

Peter akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akaingia na kukaa. Injini ilikuwa ikiunguruma taratibu chini yao.

"Alhamisi ijayo," alisema, macho mbele, "ukifika kwenye kona, piga honi."

Anyesi akashika usukani kwa mikono yote miwili. Alitamani kumwomba arudie lile "Alhamisi ijayo", lakini aliogopa asije akalifikiria upya. Akatia gia, akaingiza gari ndani.