Kebo Iliyojaribiwa Juni

Ijumaa, tarehe 29 Agosti. Manyunyu tangu asubuhi, bahari kimya. Jua lilizama saa mbili na nusu usiku, na kwa mara ya kwanza tangu Mei giza likaingia kwelikweli huku kaskazini ya mbali.

Gudmund Tveitan, fundi umeme mstaafu, alikuwa akimenya viazi aliposikia watu wakiita huko chini gatini: "Eilert! Eilert!" Kisu kikamponyoka.

Eilert alikuwa jirani yake, nahodha wa zamani aliyepotewa na kumbukumbu. Miguu haikuacha kumpeleka gatini kutafuta mashua iliyouzwa miaka mingi iliyopita. Mkewe, Solbjørg, hakutaka apelekwe nyumba ya wazee. Ndiyo maana mwezi Juni majirani walikutana kwa kazi ya pamoja, kama ilivyo desturi, wakafunga kamera kwenye njia ya gatini ili Solbjørg aione picha kwenye kioo jikoni. Na katika kazi ya pamoja ni aibu kununua kitu ambacho mwenzako anacho stoo. Ingvald wa nyumba ya tatu alileta kebo iliyobaki nyumbani kwa mwanawe.

"Mbona nyepesi hivi?" Gudmund aliuliza. Akaikwangua kwa kisu: shaba juu, ndani alumini nyeupe. "Hii haifai, bwana. Ni mita tisini, na kamera inapata umeme kwa kebo hii hii. Alumini hupoteza umeme njiani; inataka shaba tupu."

"Mzee, tunafunga kamera au tunachagua mchumba?" Ingvald akamjibu. "Unga hiyo, kahawa inapoa."

Watu wakacheka. Gudmund akaiunga. Picha ikatoka safi, mchana na usiku, kwa kuwa jua la Juni halizami na kamera haikuhitaji kuwasha taa zake za gizani. Jioni hii ilizihitaji. Umeme haukutosha, ikazimika.

Walimkuta Eilert majini hadi kiunoni, hai, akitetemeka asiweze kusema. Nesi wa manispaa akasema nyumbani harudi tena.

"Kioo kilikuwa cheusi," Solbjørg alimwambia Gudmund. "Nikadhani ni giza tu la nje, nikaendelea kufuma. Kosa langu, jirani."

Ingvald, aliyesimama kando yao, alitazama viatu vyake.

Asubuhi iliyofuata, katika manyunyu yale yale, Gudmund aliing'oa kebo yote, akakata kipande cha shubiri moja na kukikwangua ncha. Akabisha hodi kwa Solbjørg, akakiweka mezani mbele yake, weupe wa alumini ukionekana.

"Nilijua," akasema. "Tangu Juni."