Mgema Aliyemwitikia Mwenziwe

Masha wa Kitsao alikuwa mgema wa tembo pale Mtongwe, upande wetu wa Likoni, katika mwaka ule wa arobaini na mbili ambao manowari zilijaa Kilindini kama ng'ombe zizini. Alikuwa mtu mwembamba, mikono mirefu, kifua kigumu kwa kusuguana na minazi. Tena mtu wa wasiwasi. Mkewe, Kache, alizoea kusema, "Huyu wangu huogopa kabla ya jambo, huogopa jambo likiwapo, na likisha kupita hukaa akaliogopa upya."

Juu ya mnazi tu ndiko hofu ilikomwachilia. Alipanda asubuhi na alasiri, kisu kiunoni, kibuyu mgongoni, na akifika kileleni ungemsikia anaimba. Akikanyaga chini, kimya.

Uvuvi aliingizwa na jirani yake, mzee Mahfudh bin Yeslam. Mzee huyu alitoka katika nyumba ya watu wa maduka, na nduguze walikuwa ng'ambo mjini wakipima nguo. Yeye nguo zilimshinda. Alikuwa na mtumbwi wake wa gogo la mwembe, akivua kwa mshipi kando ya mikoko, na alipoanza kuumwa kiuno akataka mtu wa kukaa tezi, kule nyuma, apige kafi na kukumba maji. Akamwona Masha anashuka mnazini.

"Wewe mtu wa minazi, ndoo tuvue. Mtu asiyeogopa kule juu, huku chini aogope nini?"

"Maji, ami."

"Maji yana nini?"

"Hayana vidato."

Vidato ni yale makato ambayo mgema huyatia kwenye shina apate pa kukanyaga. Mzee alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku ile wakawa wanatoka pamoja, siku tatu au nne kwa wiki, Masha akisha kugema. Mzee humtania kwamba mikono yake yanuka tembo na samaki wataingia mtumbwini wamelewa. Masha haoni cha kucheka. Yeye ameshika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili.

Sasa, katika mtumbwi ule palikuwa na sheria moja, na mzee aliirithi kwa babake. Ukiwa majini ukaitwa, usiitike. Ukiitwa mara ya pili, usiitike. Ukiitwa mara ya tatu, kwa jina lako, na wewe mwenyewe umehakikisha kuwa anayekuita ni mtu, hapo itika. Kwani si kila kinachoita majini ni mtu. Mzee alikuwa na nduguye mkubwa aliyeitikia mwito wa kwanza pale pale mikokoni, na mtumbwi ulirudi wenyewe. Hakupenda kulisema zaidi ya hapo, na wavuvi wenziwe hawakumuuliza.

Ndipo ikapigwa mbiu. Kila mtumbwi uandikwe nambari ubavuni kwa rangi nyeupe. Usipite kwenye rasi ila mchana. Na pale rasini pamewekwa askari. Wakikuita, simama, itika, taja nambari. Asiyeitikia mwito wa pili atapigwa bunduki.

Watu wengine walinung'unika juu ya rangi. Masha alirudi nyumbani akaketi kwenye kinu, akawa anahesabu kwa vidole. Kache akamuuliza, "Wahesabu nini?"

"Mzee huitikia wa tatu. Serikali yapiga kwa wa pili."

"Basi?"

"Basi mzee yuko katikati."

Asubuhi yake akamwendea. "Shikamoo, ami. Ile mbiu umeisikia?"

"Marahaba. Nimeisikia. Nimeandikwa thelathini na moja, na ile moja waliipinda kama ndoana."

"Wakikuita, utaitika?"

"Wakiniita vizuri."

"Ami, wale hawajui kuita vizuri! Wale ni watu wa vita!"

"Masha," mzee akasema polepole, "mimi nina miaka sitini na kitu juu ya maji haya. Wao wana miezi mitatu. Nani amfuate mwenziwe?"

Ikawa basi wakipita rasini pamoja, Masha huinua shingo hata kabla ya kuitwa. Sauti ikitoka tu kule juu, "Nani huko?", yeye hupiga kelele, "Thelathini na moja! Watu wawili! Wavuvi! Hatuna kitu!" Mara nyingine aliitika na hakuna aliyeita, ni kunguru tu. Askari wakawa wanamcheka. Mzee huketi omo, kule mbele, na uso wake ameugeuzia mikokoni kama mtu aliyepakiwa na mwendawazimu.

"Wewe umeitika lako," humwambia. "Mimi langu sijaitika."

Lakini mnazi haungoji mtu. Siku ambazo Masha ana minazi mingi, mzee hutoka peke yake. Na masika ikawa imeingia, mvua nyembamba zile zinazofanya maji na mbingu kuwa kitu kimoja, hata askari aliye juu haoni nambari wala uso, aona kitu cheusi tu kinakwenda. Siku hizo Masha hagemi vizuri. Alikata kilele kimoja vibaya, mnazi ukakauka, na mwenye shamba akamtukana mbele za watu.

Mwisho akafanya jambo ambalo mtu wa wasiwasi hulifanya, yaani jambo la ushujaa kwa sababu ya hofu. Akachukua tafi wanne, akawatunga kwa ukili, akaupanda mwamba mpaka kwa askari.

Koplo wa pale alitoka bara ya mbali sana, mtu mpana, mpole wa macho, Kiswahili chake cha kambini. Akawatazama samaki, akamtazama Masha.

"We ndiyo ile ya kelele?"

"Ndiye, bwana. Nina ombi. Kuna mzee wangu, nambari thelathini na moja. Ukimwita mara ya kwanza haitiki. Mara ya pili haitiki. Si kiburi, bwana, ni desturi ya maji. Mwite mara ya tatu, kwa jina lake, ataitika."

"Amri ni mbili."

"Najua, bwana."

"Mbili. Tatu hakuna."

Masha akabaki amesimama, mvua yamtiririka puani. Koplo akawatazama tena wale tafi. "Jina yake nani?"

"Mahfudh."

Koplo akalijaribu. Na hapa mniwie radhi. Ile hei akaimeza, fe akaifanya ve, ile dh ya mwisho akaifanya ze na kuitilia irabu, na jina la mzee wa watu likawa jina la nywele zisizoonwa na jua. Silitaji.

"Siyo hivyo, bwana," Masha akasema. "Mah. Fudh."

Koplo akalirudia kwa bidii, na safari hii likatoka wazi zaidi kuliko kwanza. Askari wawili wa nyuma, mmoja wao akijua Kiswahili, wakaangua kicheko mpaka kofia ikaanguka. Koplo hakujua wanacheka nini. Masha alitaka kusahihisha mara ya pili, akaogopa. Akaaga akashuka.

Sasa hofu yake ikawa mbili. Kwanza, mzee atapigwa bunduki. Pili, mzee ataitwa vile mbele ya watu, na atajua nani aliyelitoa jina lake. Kwani mbele ya mzee kosa kubwa ni hilo hasa, kumpa mgeni jina la mtu akaliite majini. Masha alilala na mambo hayo mawili, akaamka nayo, na Kache akamwambia, "Chagua moja uliogope, jingine nipe mimi."

Siku ya nne, yapata saa mbili asubuhi, Masha alikuwa juu ya mnazi uliokaribia rasi. Mvua ilikuwa haikatiki. Akatazama chini, akaona mtumbwi. Mtu mmoja omo, hakuna tezi. Ulikuwa ukienda taratibu, kafi moja, kafi moja, kama mtu anayekwenda kuswali na wakati anao.

"Simama! Nani huko?"

Kafi moja.

Masha akapaza sauti, "Thelathini na moja!" Lakini alikuwa kileleni, upepo umemjia usoni, na sauti yake ikaenda bara ikaishia kwa mbuzi. Akaanza kushuka. Vidato vilikuwa na utelezi, akavikosa viwili, akakumbatia shina akateremka kwa kifua, ngozi ikibaki mnazini.

"We! Nani huko? Itika!"

Wa pili. Kafi moja.

Kutoka pale alipokuwa, nusu ya mnazi, Masha aliusikia ule mlio wa chuma wa bunduki kuvutwa. Aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye kwamba hapo hakuwa na hofu tena; kilikuwa kitu kingine, kama kiu. Akaachia mikono. Akaanguka matopeni, akainuka, akakimbia, na huku anakimbia anangoja mlio.

Ulikuja mwito. Koplo alivuta pumzi, akaliita lile jina kwa sauti yake yote ya kambini, herufi kwa herufi, likaenda juu ya maji, likagonga mikoko ya ng'ambo likarudi.

Kafi ikasimama.

Kisha mzee Mahfudh akainuka wima ndani ya mtumbwi, jambo ambalo alimkataza Masha kila siku ya Mungu, na kilemba chake kinachuruzika.

"Nani huyo asiye na adabu?" akapiga kelele. "Nani amekulea? Mah-fudh! Mahfudh bin Yeslam! Sema!"

Koplo, bunduki ingali begani, akajaribu tena. Likatoka lile lile.

"Lahaula! Siyo! Anza na Mah! Mahhh! Kama mtu apulizaye chai!"

"Mahhh," akasema koplo.

"Sasa Fudh. Ulimi weka menoni!"

Hapo Masha akafika, kifua kinavuja damu, tope mpaka nyusi. Akamkuta koplo ameishusha bunduki. "Amri ni mbili," koplo akamwambia kwa sauti ndogo. "Mimi nimeita tatu. Usimwambie mtu."  Masha akaketi chini pale pale penye mvua.

Mzee alimpakia ufuoni. Walipofika katikati ya maji akamuuliza, "Jina langu alipewa na nani?"

"Na mimi, ami."

Mzee akapiga makafi saba, nane. Masha alikuwa akiyahesabu.

"Ami, nisamehe. Lakini mbona uliitika? Hukuitwa kwa jina lako."

"Mwana wewe," mzee akasema bila kugeuka, "kile cha majini kinajua jina langu. Kilimwita ndugu yangu sawasawa, kama alivyoitwa na mama. Aliyeliharibu vile hawezi kuwa ila mtu."

Basi kuanzia siku hiyo mambo yakatulia, kwa namna yake. Kila asubuhi koplo huliita jina vibaya kwa heshima kubwa, mzee humsahihisha, na wanawake wanaochimba chambo ufuoni huziba midomo kwa kanga. Binti yake mzee, Salme, alikataa kwenda kisimani kwa upande ule. Masha akaanza kulala usingizi. Kache alinambia alimsikia akiimba akiwa chini, ardhini kabisa, mara moja.

Haikufika miezi miwili. Koplo akahamishwa na wenziwe, na pale rasini akaletwa askari mwingine, kijana wa pwani hii hii, aliyesoma chuo cha Kurani, mwenye sauti nzuri. Siku ya kwanza Masha na mzee walipopita, kijana akawa ameshaambiwa na watu nani ana nambari gani. Akaita kwa adabu yake yote, na kila herufi mahali pake:

"Mzee Mahfudh bin Yeslam! Sabalkheri!"

Masha alimwona mzee shingo imekakamaa. Kafi ikabaki hewani, inadondosha maji. Hakugeuka, wala hakujibu.

"Thelathini na moja!" Masha akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Watu wawili! Wavuvi!"

Jioni ile akaupanda mwamba na tafi wake.

"Ndugu yangu," akamwambia kijana, "nakuomba kitu. Jina la mzee, ukiliita, liharibu kidogo."

"Nitaliharibu vipi?"

Masha akamnong'oneza. Kijana akaruka nyuma. "Wallahi siwezi! Babangu akisikia nimemwita mtu mzima hivyo, tena mtu wa Yeslam, ataniapiza! Wewe una akili?"

Masha akamsihi, akamwongezea samaki. Kijana akawarudisha wote, hata mmoja hakugusa.

Basi kesho yake Masha alikwenda kwa mwenye shamba akamrudishia minazi yake, yote kumi na minane, na vibuyu. Mwenye shamba akamuuliza kama amepata kazi bandarini, maana wakati ule kila mtu alikuwa akipata. Akasema hapana, amepata kazi ya kuitika.

Tangu hapo mtumbwi thelathini na moja haukutoka hata siku moja bila yeye tezi, mvua na jua, kingo ameshika kwa mkono mmoja na kafi kwa mwingine, mpaka vita vilipokwisha na askari wakaondoka rasini. Hakuizoea bahari. Lakini wavuvi wa Mtongwe wakamhesabu kuwa mvuvi, na mzee Mahfudh, akiulizwa na nduguze wa mjini ni nani yule anayepiga kelele mtumbwini mwake, alikuwa akisema, "Yule ndiye sauti yangu. Mimi mwenyewe sisemi na mtu."