Kimea cha Agustina

Pombe ya Agustina ilisifika kata nzima ya Kemambo. Akiita risaga, ule utaratibu wa majirani kumlimia mtu kwa siku moja naye akawanywesha jioni, watu walijaa mpaka wakagombea mistari ya kulima. Kisha akaokoka. Siku aliyobatizwa aliivunja mitungi yake mbele ya mwinjilisti Emanueli, na walevi wa kijiji, Mungu awasamehe, wakahuzunika kama waliofiwa.

Mwaka uliofuata duara, shimo la wachimba dhahabu, likamfukia mumewe, Nchagwa. Wachimbaji wenzake walimfukua akiwa hai, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hakuusikia mwili wake tena. Alikaa kwenye kiti uani, hasira imemjaa usoni, na Agustina akimwombea aligeuza kichwa upande wa pili.

"Huyo Mungu wako alikuwa wapi?" alimwuliza mara moja tu. Swali lile lilimuuma Agustina siku nyingi.

Mvua zilipokolea ulezi uliota vizuri, na magugu yakaota vizuri zaidi. Ulezi usipopaliliwa mapema hakuna mavuno, na nyumba ile haikuwa na tegemeo lingine. Peke yake asingeliweza shamba lile. Shemeji yake, Ryoba, akaja kumshauri.

"Shemeji, pika pombe siku moja tu. Mungu si anajua una mgonjwa?"

"Nimeacha, shemeji. Nitaita risaga, nitapika uji."

Ryoba akacheka mpaka akakohoa. "Uji! Kwani unaita watoto wa chekechea?"

Agustina hakubishana naye. Aliloweka ulezi wa akiba, ukachipua, akauanika kwenye mkeka mbele ya nyumba. Alitaka kuusaga apate kimea cha kuutia uji utamu, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Hakukumbuka kwamba mpita njia akiona kimea hawezi kujua ni cha uji au cha pombe. Na kwa mkono ule wa Agustina, nani angewaza uji? Kufikia jioni kijiji kizima kilishapata habari kwamba mama amerudia kazi yake.

Siku ya risaga, jua halijachomoza vizuri, watu walikuwa wamejaa shambani na majembe mabegani. Machozi yakamlengalenga Agustina, akadhani maombi yake yamejibiwa. Ndipo mzee mmoja akamsogelea, akamwuliza kwa heshima zote, "Mama Waisiko, lakini imeiva vizuri?"

Agustina akaelewa kilichowaleta. Alirudi uani kwa mumewe.

"Baba Waisiko, wanadhani nimepika pombe."

"Nyamaza," Nchagwa akasema bila kumtazama. "Hujamdanganya mtu. Wakimaliza ndio uwaambie."

"Watakuwa wamelima bure."

"Na sisi tutakuwa tumekula."

Kusema kweli alitamani kumtii. Watoto walikuwa wakilala na njaa, na njaa ya mtoto humfanya mama awaze mengi. Akaomba pale pale, wala hakusikia sauti wala kuona ishara yoyote. Alichojua ni kwamba jioni asingeweza kuwatazama wale watu usoni. Akarudi shambani, akasimama mbele yao.

"Ndugu zangu, kabla hamjapiga jembe. Kile kimea mlichokiona ni cha uji. Pombe hakuna. Anayetaka kuondoka aondoke, sitamnunia."

Matusi yakaanza. Ryoba, ndugu wa damu wa mumewe, ambaye alipoona kimea alidhani amemsikiliza, ndiye aliyetangulia kuondoka. Wakabaki wanakwaya wawili, bibi Robi jirani yao, ambaye mgongo ulishapinda kwa uzee, na Masanja, kijana wa Kisukuma aliyefuata dhahabu huku, mmoja wa wale waliomfukua Nchagwa.

"Mimi uji naupenda, mama," Masanja akasema, akavua shati.

Agustina akachuchumaa kwenye mstari wake, akawa anang'oa magugu huku analia. Alijua hawatamaliza, na kweli hawakumaliza. Karibu nusu ya shamba ililiwa na magugu mwaka ule. Lakini hawajafika mbali, sauti ikatoka uani.

"Masanja! Njoo unibebe."

Masanja akambeba Nchagwa mgongoni, akamshusha pale alipoonyeshwa, katikati ya ulezi. Agustina akakimbia. "Baba Waisiko, utaumia!"

"Nilikwambia unyamaze," Nchagwa akasema. "Ungenisikiliza, ningekula ulezi wako, lakini huyo Mungu wako nisingemwamini mpaka nakufa."

Akajivuta kwa mikono, makalio yakiburuzika kwenye tope, akakamata majani mawili yaliyofanana. Miaka yote alikuwa chini ya ardhi akitafuta dhahabu, shamba alimwachia mke.

"Lipi gugu na upi ulezi? Nionyeshe."

Agustina akachuchumaa kando yake, furaha imemjaa, akamwonyesha.