Jina Nililolificha Mbele ya Jaji

Admin, ficha jina langu kabisa, huku Kimilili tunajuana. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka thelathini na nne, na nafundisha Kitale. Mwaka jana nilipata kibarua cha kutafsiri Bungoma. Jaji mmoja kutoka nje anafuatilia kesi ya kiongozi wa zamani aliyeamuru watu wafukuzwe mashambani na kuuawa. Hajui Kibukusu, kwa hivyo waathiriwa walisema naye kupitia kwangu.

Siku ya pili aliingia mama mzee wa kutoka upande wa Endebess. Alikataa kurekodiwa, akaeleza vile askari waliwachukua mume wake na kijana wake wakipalilia mahindi. Jaji akauliza, "Nani aliwaleta hao askari kwako?"

Mama akataja jina. "Alikuwa na karatasi ya majina yetu. Alisema imetoka kwa mkubwa mwenyewe."

Jina hilo ni la baba yangu mzazi.

Nikamwambia jaji kwa Kiingereza, "Anasema hakumtambua." Ile karatasi ya majina sikuitaja.

"Una hakika?"

"Ndiyo."

Akitoka, yule mama alinishika mikono yote miwili. "Mwanangu, umenisemea vizuri. Nimengoja siku hii tangu nikiwa na meno yangu yote."

Ilinishinda kukaa nayo. Jumamosi nilienda nyumbani nikamkuta baba akikamua ng'ombe, nikamwambia yote. Hakukana. Aliendelea kukamua kidogo, kisha akasema, "Niliambiwa nionyeshe nyumba. Ningekataa, wangeanza na sisi. Wewe ulikuwa bado unanyonya." Tangu siku hiyo akinipigia simu ananiita mtoto wake mzuri.

Sasa wiki iliyopita jaji amenipigia mwenyewe. Anasema amekosa mtu wa kuonyesha kwamba amri ilitoka kwa yule kiongozi, na bila shahidi kama huyo, kiongozi ataachiliwa. Amenitumia karatasi nitie sahihi kwamba nilitafsiri kila neno. "Nakuamini," akasema.

Nikisema ukweli, baba yangu wa miaka sabini na nane, mgonjwa wa sukari, atafuatwa, na mimi pia naweza kushtakiwa. Nikitia sahihi, yule mama ataambiwa hakujua alichokiona, na ni mimi nilimnyamazisha.

Karatasi inatakiwa Ijumaa. Msinitukane sana, nimeshajitukana ya kutosha. Niambieni tu, mngekuwa mimi mngeanzia wapi: kwa jaji, kwa baba, au kwa yule mama?