Muhuri kwenye Karatasi ya Zoezi

Mkufunzi alitupa kanuni moja tu: andika unachokiona, si unachokijua. Tulikuwa walimu tisa katika tawi la shule yetu huko Jedda, upande wa Ruwais, tumetolewa Riyadh kwa siku nne ili tujifunze kuwaongoza walimu wenzetu. Mkufunzi, mama wa Kisudani mwenye sauti ya upole, alitupa zoezi la kurudi nalo Riyadh. Kila mmoja angekaa nyuma ya darasa la mwenzake na kuandika dakika kwa dakika. Kisha wangesomeana karatasi hiyo wakiwa wawili tu, halafu ichanwe.

Napenda kuandika mambo kwa mpangilio. Nilimchagua mwalimu ninayeishi naye chumba kimoja kule Suwaidi, Riyadh, Mkenya mwenzangu, anayewafundisha Kiingereza wasichana wa darasa la tatu. Niliandika: dakika ya tano, mwalimu ameketi. Dakika ya ishirini, bado ameketi. Dakika ya arobaini, hajasimama. Nilijua goti lake linavimba, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda kwa maji ya moto. Lakini kanuni ilikuwa kanuni.

Kosa lililofuata ni la kwetu kabisa. Nilifundisha Kenya miaka kumi na mmoja, na huko karatasi ya mwalimu isiyo na muhuri wa ofisi ni ya kufungia maandazi. Andalio la somo, rekodi ya kazi, hata ruhusa ya kwenda mazishini, vyote hugongwa muhuri. Kwa hiyo, kabla hata ya kumsomea mwenzangu, nilipita ofisini nikamwomba karani anigongee. Aligonga, akatoa nakala, akafungua kabati la mafaili. Nilimwambia hilo ni zoezi tu.

"Halas, basi," akasema. "Imeshaingia."

Ulikuwa msimu wa kuhuisha mikataba. Mkataba usipohuishwa, ikama, kibali cha kuishi nchini, nayo inakwisha, na mtu anafunga sanduku lake.

Siku mbili nilimficha mwenzangu. Jumanne, kwenye basi la shule, mwenzangu aliniinamia akaniambia kwamba mudira, yaani mwalimu mkuu wetu, amemwita Alhamisi asubuhi.

"Pengine na mimi napelekwa Jedda nikajifunze ukubwa," akasema. "Nikirudi, usiniite dada tena. Niite madam."

Nilicheka. Nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Jioni ile nilimpigia mkufunzi. Aliniuliza swali moja: nani aliisoma karatasi kwanza, mwenzangu au kabati? Nikaenda jikoni, ambako mwenzangu alikuwa akikata sukuma wiki, na nikamweleza yote, tangu dakika ya tano mpaka muhuri. Kisu kilisimama. Nilitamani anitukane.

"Uliyoandika ni kweli," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Usiku unanikanda goti, mchana unaniandika."

Nilimwambia nitaingia kwa mudira kabla yake, niseme kosa ni langu. Lakini ningelazimika kutaja goti, na hilo alikuwa amelificha shuleni mwaka mzima, akiogopa wangesema hafai. Nilimwomba ruhusa. Alikata majani yote yakaisha kabla hajajibu.

"Utalitaja nikiwepo," akasema. "Sitaki kusemewa nikiwa nje ya mlango tena."

Alhamisi tuliingia pamoja. Karatasi ilikuwa mezani, muhuri wake mwekundu juu. Nilieleza yote kwa Kiingereza, goti likiwemo, nikijua kwamba mkataba wangu uko kwenye kabati lilelile. Mudira alisoma mstari kwa mstari. Kisha akaniuliza wasichana walikuwa wakifanya nini katika dakika zile arobaini.

Niliitazama karatasi. Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja kuhusu wasichana.

Nilikumbuka walichokuwa wakifanya, lakini kukumbuka hakukuwa kwenye karatasi. Mudira alisema hataamua chochote siku hiyo. Nirudi darasani Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya shule huko, nikae palepale, niandike upya, na safari hii mwalimu aisome kabla ya ofisi. Mwenzangu akatoka akichechemea waziwazi, kwa mara ya kwanza mle shuleni.

Jumapili nilikaa nyuma na karatasi tupu. Mwenzangu aliandika tarehe ubaoni akiwa ameshikilia meza. Nilimwona akipima moyoni kama asimame hata dakika kumi, kwa ajili ya kalamu yangu. Kisha akavuta kiti, akaketi, akanitazama usoni.

Nikaandika: dakika ya tano, mwalimu ameketi. Msichana wa kwanza amemwendea na kitabu chake, anasoma kwa sauti. Wa pili anasubiri zamu, midomo yake inafanya mazoezi.