Maji ya Mama Mkwe

Mume wa binti yangu wa pili ni bondia. Hapa Rwamgasa wanamwita Bingwa, na jina hilo amelitolea jasho. Nimewahi kumwona ulingoni akipigwa raundi nzima bila kurudi nyuma, na mimi, mwalimu wa madrasa mwenye mvi, nikajikuta nimesimama juu ya kiti.

Lakini ukikaa karibu na mabondia unajifunza kwamba anayevumilia ngumi huenda asivumilie sahani. Nilimjua mmoja ambaye wenzake waliuogopa mkono wake wa kushoto, naye aliogopa kulala bila pombe. Mwingine akishasifiwa hakusikia tena la mwalimu wake. Wa kwetu hakujua kukataa. Akishinda, wachimbaji wanamwita huku mbuzi, kule soda, naye anakula mpaka uso unajaa. Pambano jingine likikaribia na mizani haimkubali, anajikausha: anaacha maji, anavaa makoti mawili, anakimbia juani. Nilipomsema aliinamisha kichwa kwa heshima, kisha akaendelea vilevile.

Siku moja kabla ya kupima uzito, binti yangu alitukuta nyumbani baada ya adhuhuri. Hata hakukaa.

“Baba, mwenzangu yuko duarani tangu asubuhi.”

“Amerudi kuchimba?”

“Anatoa jasho. Anasema chini kuna joto kuliko kukimbia. Na tangu jana hajanywa hata funda moja. Leo ameniuliza mara mbili jina la mtoto.”

Duara ni shimo la dhahabu. Hilo lilikuwa la rafiki yake, refu, lenye ngazi ya miti, na chini hewa ni nzito hata kwa aliyeshiba na kunywa. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini, akachukua dumu la maji, akajitanda kanga na kututangulia. Kwa haraka ile hakuna aliyefikiri zaidi.

Mdomoni mwa shimo wachimbaji walikuwa wamekaa kivulini mwa turubai.

“Shikamoo, Ustadhi.”

“Marahaba. Mkwe wangu yuko wapi?”

“Yuko jikoni, anaiva,” alisema mmoja, na wenzake wakacheka.

Nikainama na kumwita. Sauti iliyojibu ilikuwa nyembamba, si ya mtu mwenye kifua kile. “Nakuja, Baba.” Ngazi ikaanza kulia, tukaona utosi wake ukipanda pole pole. Hapo mwenye duara, kwa nia njema tu, akamwambia, “Jitahidi, Bingwa. Mama mkwe wako yuko hapa anakungoja.”

Ngazi ikanyamaza. Kisha tukaisikia ikilia tena, kuelekea chini.

Sisi Wasukuma tumeingia dini, lakini mkwe tumebaki naye kama tulivyomrithi. Mwanamume hakutani na mama wa mke wake njiani bila kupisha, wala hali naye, sembuse kumtokea akiwa na bukta tu. Na makoti yake mawili yalikuwa hapo juu, yameloa, kando ya miguu ya mke wangu.

Mke wangu alielewa kabla yangu. Akaenda nyuma ya turubai na kutupa mgongo. “Mwambieni nimeondoka.”

Tukamwambia. Akajibu kwamba miguu imekaza, hawezi kupanda tena. Mwenye duara akashuka kumfuata na chupa ya maji, na muda si mrefu akatupigia kelele kutoka chini: “Anakataa. Anasema akinywa sasa amepoteza pambano. Na hanitambui vizuri, Mzee.”

Hakuna aliyecheka tena. Binti yangu alikuwa ameshika mti wa ngazi kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nikisoma dua kimoyomoyo na kupoteza maneno ninayowafundisha watoto kila siku.

Ndipo mke wangu akasema nyuma ya turubai, bila kugeuka, “Mpeni haya ya kwangu. Mwambieni nimeyachota mimi.”

Tukamimina maji ya dumu lake kwenye jagi, tukaliweka ndooni na kulishusha kwa kamba. Mwenye duara akamwambia ni nani aliyeyaleta. Tangu amwoe binti yetu, mkwe wangu hajawahi kurudisha chombo cha mke wangu kikiwa na kitu ndani. Kukataa chake ni kumtukana.

“Anakunywa,” sauti ikatoka chini. Na baada ya kitambo, “Anaomba mengine.”

“Uzito wa mkwe hauna mizani,” alisema mchimbaji mmoja taratibu, akijifuta uso.

Walimfunga kamba kwapani na kumvuta wanaume wanne. Nikamfunika kwa kanzu yangu kabla hajafika juu, nami nikabaki na shati na msuli mbele ya watu, wala sikujali.

Zahanati wakamtundikia dripu. Tabibu, kijana mpole, alinivuta pembeni. “Akikojoa, Mzee, nitajua figo zinafanya kazi, nitapumua. Asipokojoa mpaka jioni tunampeleka Geita.”

Tukangoja. Simu ya mkwe wangu haikutulia: pambano limefutwa, Bingwa kakimbia, Bingwa muoga. Aliniuliza, macho yakiwa darini, “Watasemaje, Baba?”

“Watasema. Wewe kunywa.”

Siku hizi anapigania uzito wa juu zaidi, ambako wenzake ni wakubwa kuliko yeye, na ameshapigwa huko. Mbuzi wa wachimbaji bado anamshinda. Lakini maji hakatai tena.

Alasiri ile pale zahanati aliinuka, akatembea akishika ukuta, binti yangu kabeba chupa ya dripu nyuma yake. Mlango wa choo ukafungwa. Ulipofunguliwa, binti yangu alipita mbele yangu mbio kwenda uani, alikokuwa mama yake, na nikamsikia akisema, “Mayu, amekojoa.” Mke wangu akajibu kwa Kisukuma, “Wabeja,” asante, na sikujua anamwambia nani kati ya wote waliostahili.

Kuna maneno tunayowafundisha watoto wayaseme wakitoka chooni, ya kumshukuru Mungu aliyewaondolea adha na kuwapa afya. Kila mwaka wanayachekelea, nami huwaachia wacheke kwanza. Siku hiyo niliyasema mimi, kwa niaba ya mtu mwingine, nimesimama na msuli kwenye korido ya zahanati.