Katuni Iliyofunguliwa Kama Juzuu

Wajukuu zangu wanashindia katuni za Kijapani kwenye simu, wanavaa fulana zake, mpaka wanaitana kwa majina ya huko. Wananiuliza kama nazijua. Nawaambia nilisoma katuni ya Kijapani hapa hapa Temeke, enzi za Ujamaa, sukari ikiwa ya foleni, na nusura initoe roho. Wanacheka, wanadhani Bibi anapiga porojo.

Baba alikuwa dereva wa mafundi wa Kijapani waliokuja kujenga barabara. Mmoja wao alimpa kitabu kinene cha picha, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Watoto, soma." Hatukuijua hata herufi moja. Haidhuru, picha zilijieleza.

Wakati huo mdogo wangu, mtoto wa miaka saba, alikuwa amelazwa hospitali kwa surua iliyoshuka kifuani. Alikataa kula. Mama alikuwa akirudi na uji wote kwenye chupa. Ndipo nikaomba na mimi nipelekwe, nikabeba kitabu.

Nilimfungulia upande wa kushoto, kama Biblia yetu ya nyumbani. Picha za kwanza: msichana kalala kitandani, kafumba macho, watu wamemzunguka wanalia. Kurasa zilizofuata akafumbua macho. Akaketi. Mwishowe alikuwa nje anakimbizana na mbwa.

"Kumbe alipona!" mdogo wangu akasema, akauomba uji.

Tangu siku hiyo, kila saa ya kuona wagonjwa ilikuwa hivyo: kurasa chache, vijiko vichache. Nikajiona daktari.

Aliyenitia baridi ni rafiki yangu wa nyumba ya pili, aliyekuwa akisoma Kurani chuoni kwa maalimu kila alasiri. Nilimwonyesha tunavyokisoma. Alikipokea kitabu, akakigeuza bila hata kufikiri, akakifungua kutoka kulia.

"Nyie mnasoma kinyume," akaniambia. "Hiki kinafunguliwa kama juzuu. Ona, hapa anacheza na mbwa, hapa anaumwa, hapa..."

Akanirudishia kitabu. Naye alijua mdogo wangu yuko wapi.

Nilimchukia siku nzima, maskini, kwa kosa la kujua kusoma. Kesho yake nilisimama kando ya kitanda. Nilikuwa nimemlisha mgonjwa uongo. Lakini uji ulikuwa unapoa, na mdogo wangu alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikafungua kushoto. Nikamfufua yule msichana nikijua kabisa kwamba amekufa. Wiki nzima nikaendelea hivyo, huku nikiomba Mungu asiwe anajua Kijapani.

Mdogo wangu aliruhusiwa. Alirudi nyumbani na miguu kama njiti za kiberiti, anadai wali. Nilishindwa kukaa na jambo lile moyoni. Nikamkalisha barazani, nikakigeuza kitabu, nikamweleza kinavyosomwa hasa, machozi yakinitoka.

Akapekua taratibu kutoka kulia, ukurasa kwa ukurasa, mpaka kwenye kile kitanda. Akakifunga.

"Basi waliokishona ndio waliokosea," akasema. "Dada, wali bado?"

Mzigo wote ulinishuka palepale. Nilicheka huku nalia, kwa kelele, mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani tunapigana.